Kuku na Kipupwe: Kuandaa Banda la Nyuma ya Nyumba Kabla Baridi Haijafika

Kuku mzima ana koti lake tayari. Joto la mwili wake ni kama nyuzi 41 za Selsiasi, zaidi ya letu kwa nyuzi 4 hivi, na usiku akijikunyata na kututumua manyoya, ile hewa iliyonaswa katikati ya manyoya ndiyo blanketi lake. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama kuku wake watakufa kwa baridi, humjibu kwamba kuku aliyekomaa, mkavu na aliyeshiba, si rahisi. Kinachomwangusha ni unyevu. Nyuma ya unyevu unakuja upepo unaompiga akiwa amelala, na nyuma ya upepo hewa chafu ya banda lililozibwa kama chupa.

Nasema hivi kwa sababu nimewahi kuziba. Msimu wangu wa kwanza wa baridi nilikuwa na kuku 11 katika kibanda cha mbao chenye paa la bati. Upepo ulipoanza kuuma nikachukua magunia na mifuko ya nailoni, nikaziba kila tundu nililoliona, nikarudi ndani najisifu. Wiki ya pili niliingia alfajiri na tochi. Kilichonipokea kwanza ni harufu, ile inayochoma pua mpaka machozi yanatoka. Kisha tone la maji likanidondokea shingoni, na nje mvua haikuwa imenyesha kwa siku kadhaa. Kumulika juu, bati zima linatoka jasho. Maranda chini yameshikana kama keki iliyokosa kuiva. Mitetea wawili wana povu kwenye kona za macho, na jogoo, ambaye upanga wake wa kichwani ulikuwa mkubwa wa kujivunia, ncha zake tatu zimegeuka kijivu. Baadaye zikawa nyeusi, zikakauka, zikadondoka. Wale kuku sikuwa nimewakinga na baridi. Nilikuwa nimewafungia kwenye mvuke wao wenyewe.

Hatua zifuatazo zimepangwa kwa kufuata somo hilo. Zianze wiki 6 hadi 8 kabla ya baridi kali, mbao zikiwa bado kavu na vidole vyako bado vinashika msumari bila taabu.

Hatua ya 1: Hesabu kuku, kisha pima banda

Wakati wa joto kuku wanashinda nje na banda ni mahali pa kulala tu, kwa hiyo msongamano hauonekani. Baridi na mvua zikija, wanashinda ndani kutwa, na hapo ndipo utaona wanaanza kudonoana mikia na kunyang'anyana chakula. Kwa kuku wanaoshinda ndani muda mrefu, usizidishe 3 au 4 kwa kila mita moja ya mraba. Kama wana uwanja wa nje ulioezekwa, unaweza kubana kidogo ndani.

Hesabu ikikataa, punguza kuku. Najua inauma, hasa kwa yule mtetea mzee ambaye watoto wamempa jina. Lakini majogoo matatu kwa mitetea minane ni vurugu hata wakati wa jua, na uamuzi wa kupunguza ni mwepesi sasa kuliko katikati ya msimu, banda likiwa limelowa na nusu yao wanakohoa.

Kuna na kosa la upande wa pili: kuku wanne ndani ya banda la ukubwa wa stoo. Hapo joto lao linapotea juu hewani. Watengee kona moja kwa ubao au turubai na uwashushie dari ya muda juu ya sehemu wanayolala, ukiacha hewa ipite juu yake.

Hatua ya 2: Zuia upepo, usizuie hewa

Hapa ndipo watu wengi wanachanganya, nami nilichanganya, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chukua kuku 10 wanaotaga. Kila mmoja anakunywa kama robo lita ya maji kwa siku, jumla lita 2 na nusu. Yai la gramu 60 linabeba maji gramu 45 hivi tu. Yaliyobaki yote yanatoka kwa pumzi na kwa kinyesi, na kwa kuwa usiku wa baridi ni mrefu na mchana wanajikalia ndani, sehemu kubwa yanatokea ndani ya banda. Ni kama kila siku uingie na birika la maji na kulimwaga sakafuni. Yasipopata njia ya kutoka yanapanda juu na joto lao, yanagusa bati baridi, yanageuka matone na kuwarudia migongoni.

Hewa yenye joto na mvuke hupanda. Basi mpe njia huko juu. Mimi huacha mwanya wa sm 10 hadi 15 chini ya paa, pande mbili zinazotazamana, kwa urefu wote wa ukuta, na kuufunika kwa wavu imara. Mwanya huu uwe juu kabisa ya vichwa vya kuku wakiwa wamelala. Paa lichomoze vya kutosha mvua ya upepo isiingie. Upande unaopigwa na upepo mkali unaweza kuwekewa ubao wa bawaba, uuteremshe usiku wa dhoruba na kuuinua asubuhi, lakini usiku wowote ule upande mmoja ubaki wazi.

Chini ya mwanya huo, kuanzia usawa wa vichwa vyao mpaka sakafuni, ndiko unakoziba: nyufa za mbao, tundu la fundo la mti lililodondoka, pengo chini ya mlango. Tumia vipande vya mbao au udongo uliokandwa vizuri. Magunia ndani hayafai, yanakunywa unyevu na kuwa nyumba ya utitiri. Turubai lifungwe kwa nje, upande wa upepo, likazwe lisipigepige maana kelele hiyo inawanyima kuku usingizi.

Utajuaje kama umefaulu? Ning'iniza kipande chepesi cha karatasi laini kwa uzi, mahali hasa ambapo kuku analala, jioni yenye upepo. Funga mlango, chungulia. Kikitikisika taratibu ni sawa. Kikipepea, kuna tundu umeliacha. Kipimo cha pili ni asubuhi: pitisha kiganja kwenye bati au kioo cha dirisha kwa ndani. Mkono ukitoka umelowa, hewa haitoshi, hata kama wewe mwenyewe unahisi banda ni baridi. Ongeza mwanya. Banda zuri asubuhi linakuwa na baridi inayokaribiana na ya nje, ila ni kavu, na mgeni wa kufuga akiingia hapo huona kama umewaonea kuku.

Suala la kupachika taa za joto kwa kuku wakubwa, mimi siliungi mkono. Kuku aliyezoea taa hajengi manyoya ya kutosha, na usiku umeme ukikatika ndipo baridi inampiga ghafla. Na taa hizo zinachoma mabanda. Maranda makavu, vumbi, mbao na balbu yenye moto haviishi pamoja kwa amani.

Hatua ya 3: Fito za kulalia

Kuku halali kama ndege wa mwituni aliyeshika tawi jembamba. Anapenda kukalia kitu kipana, vidole vimenyooka, kidari na manyoya ya tumbo vikaifunika miguu. Akilala kwenye kijiti chembamba vidole vinachungulia nje, na baridi kali inaanza na vidole. Tumia ubao wenye upana wa sm 5 hadi 9, upande mpana ukiwa juu, kingo zimepigwa msasa. Bomba la chuma usilifikirie kabisa.

Kila kuku umpe sm 20 hadi 25. Usiku wa baridi watabanana na kuacha nusu ya ubao wazi, lakini nafasi iwepo kwa ajili ya yule mnyonge anayefukuzwa kila jioni. Fito ikae sm 30 kutoka ukutani na kati ya sm 60 na 90 kutoka chini. Kwa kuku wazito shusha mpaka sm 45, kwa sababu kuruka kutoka juu kila asubuhi kunaumiza nyayo, zikapata vidonda vinavyovimba. Viota viwe chini ya usawa wa fito, vinginevyo watalala ndani ya viota na mayai yatapakwa kinyesi.

Chini ya fito weka ubao mpana wa kupokea kinyesi. Ni jambo dogo lenye faida kubwa kuliko nusu ya vitu vinavyouzwa kwa wafugaji, kwa sababu kinyesi kingi cha kuku hudondoka usiku, na ukikikwangua kila asubuhi umetoa nje unyevu mwingi kabla haujageuka harufu. Kwangu ni kazi ya dakika 3, kikwanguo mkononi na ndoo pembeni.

Hatua ya 4: Maranda mengi, na pua yako

Anza na maranda makavu ya mbao yenye kina cha sm 10 hadi 15. Kila wiki au mbili ongeza juu kidogo, bila kutoa ya chini, mpaka ifike sm 20 hadi 30. Kinyesi kikichanganyika na maranda huanza kuoza polepole kule chini kama mboji, na uozo huo unatoa joto kidogo. Usitarajie jiko. Faida kubwa ni kwamba kuku hawakanyagi sakafu baridi na wana kitu cha kuchakura.

Pumba za mpunga nazo zinafaa. Majani makavu yakatwe vipande vifupi, marefu yanajisokota na kushika maji. Vumbi laini la mbao nimeliacha. Linaruka, linaingia kwenye njia za hewa, na likilowa linakuwa uji.

Kazi ya kugeuza maranda waachie wenyewe. Tupa punje chache za nafaka kila sehemu mchana, watachakura mpaka chini. Pale wasipofika, kwenye kona na chini ya viota, pitisha reki. Mara moja kwa wiki chota maranda kutoka katikati, yaminye kwa nguvu ndani ya kiganja, fungua. Yakisambaratika, uko salama. Yakibaki donge, ongeza makavu na utafute maji yanatoka wapi. Yakitoa maji, usiongeze chochote, toa sehemu hiyo yote nje siku hiyohiyo.

Pua nayo ni kifaa. Usinuse ukiwa umesimama mlangoni. Chuchumaa mpaka kichwa chako kifikie usawa wa kuku, maana wao ndiko wanakopumulia. Pua ya mtu huanza kuisikia amonia, ile hewa kali inayotoka kwenye kinyesi, ikiwa imeshakaribia kiwango cha kumdhuru kuku, kwa hiyo harufu kidogo si ya kusema "ni kawaida ya kuku". Amonia huunguza macho na kuharibu utando wa koo, na kuku aliyeharibika koo hushikwa na mafua kwa urahisi. Ukiwa mtu wa kuingia bandani mara kumi kwa siku, pua imeshazoea. Muombe mtu mwingine anuse.

Tahadhari moja ambayo huwa inanigombanisha na watu: wengi humwaga majivu au chokaa juu ya maranda yaliyolowa ili "kuua harufu". Vyote viwili hupunguza asidi, na asidi ikipungua kwenye kinyesi kibichi, amonia inatoka kwa wingi zaidi. Harufu inaongezeka. Chokaa ipake kwenye sakafu kavu baada ya kufagia banda zima. Majivu yaweke kwenye beseni la kuogea vumbi, yakiwa yamechanganywa na udongo mkavu na mchanga, mahali palipoezekwa. Msimu wa mvua na baridi kuku hukosa vumbi la kuogea kuliko wanavyokosa chakula, na asiyeoga vumbi hujaa chawa.

Hatua ya 5: Maji kwanza, kisha chakula

Maji yakiwa baridi mno kuku hunywa kidogo, akinywa kidogo anakula kidogo, na mayai yanapungua kabla hujajua sababu. Asubuhi wape maji ya uvuguvugu, hata kama mahali ulipo hapagandi. Panapoganda, kuwa na vyombo viwili: kimoja kiko nje, kingine ndani kinayeyuka, unabadilisha asubuhi, adhuhuri na saa 10 jioni. Bakuli la mpira mzito ndilo bora, kwa kuwa unaweza kulikanyaga barafu ikatoka bila chombo kupasuka. Usiku toa maji bandani kabisa. Kuku hanywi gizani, na chombo hicho kitafanya kazi moja tu ya kumwagika.

Kuku anayetaga hula kama gramu 120 kwa siku, na baridi ikizidi hula zaidi kwa sababu sehemu ya chakula anaichoma ili apate joto. Usimpimie kwa kipimo cha msimu wa joto. Chakula chake cha mayai chenye protini asilimia 16 hivi ndicho msingi, kiwepo mchana kutwa. Jioni, kama saa moja kabla hawajapanda kulala, watupie konzi ya mahindi yaliyoparazwa au ngano, gramu 15 hadi 20 kwa kila kuku. Hazina uchawi wowote. Ni nafaka inayosagika polepole kwenye firigisi, na usagaji huo unampa nguvu na joto saa nyingi za giza. Ukizidisha, anashiba wanga, anaacha chakula chenye protini, ananenepa na kuacha kutaga. Anayekula nafaka nzima apate changarawe za kusagia, hasa kama ardhi imelowa au imefunikwa na hawezi kujiokotea. Maganda ya chaza yaliyopondwa kwa ajili ya ganda la yai yawekwe kwenye chombo chake peke yake, kila kuku achukue anavyohitaji.

Uji wa moto wa pumba wanaupenda, na siku ya baridi kali unatia moyo hata wewe unayewatazama wakiugombania. Mpe kiasi cha kumalizika kwa dakika 20, kisha toa chombo.

Chakula kikavu kihifadhi juu ya chaga, mbali na ukuta, kwenye pipa lenye kifuniko. Unyevu wa msimu huu huleta ukungu, na ukungu kwenye mahindi au mashudu unaweza kuleta sumukuvu inayoharibu ini. Kinachonuka uvundo au kilichoganda mabonge kitupwe. Usikichanganye na kizuri ili "kisipotee".

Hatua ya 6: Manyoya yakinyonyoka, mayai yakikatika

Mbali na Ikweta, siku zikianza kufupika kuku waliozidi mwaka mmoja hunyonyoka manyoya. Utafungua banda asubuhi ukadhani mnyama ameingia. Hajaingia. Manyoya karibu yote ni protini, kwa hiyo kuku anasimamisha mayai na kupeleka nguvu zote kwenye koti jipya, kazi inayochukua kama wiki 8 hadi 12. Kipindi hicho mpandishie protini mpaka asilimia 18 au 20 na usimshikeshike, kwa sababu unyoya unaochipua una damu ndani na ukiguswa unauma. Yule aliyechelewa kunyonyoka na baridi ikamkuta uchi ndiye pekee ninayemhamishia ndani ya chumba kikavu kwa siku chache.

Kutaga nako kunafuata mwanga. Kuku hutaga vizuri akipata saa 14 hadi 16 za mwanga kwa siku. Ukitaka mayai yaendelee, washa taa ndogo yenye saa ya kujiwasha, na uiwashe alfajiri. Taa ya jioni ikizimika ghafla huwakuta wengine chini, gizani, wasijue fito iko wapi. Mimi mwenyewe siongezi mwanga, nawaacha wapumzike. Anayeishi karibu na Ikweta, mchana wake ni saa 12 hivi mwaka mzima na habari hii haimhusu sana. Mayai yake yakipungua wakati wa baridi aangalie maji, chakula na chawa kabla hajanunua balbu.

Viota vijazwe majani makavu, kimoja kwa kila mitetea 4 au 5. Okota mayai mara mbili au tatu kwa siku. Yai likiganda hutanuka na kupasuka, na lililopasuka likimwagika kiotani, kuku huonja, na aliyeonja harudi nyuma.

Hatua ya 7: Chanjo, utitiri, na wageni wa usiku

Hakikisha chanjo ya mdondo, ambao wengine huuita kideri, imefanyika kabla ya msimu, kuku wakiwa wazima. Kumchanja kuku ambaye tayari anaumwa ni kumwongezea mzigo. Ratiba ya chanjo nyingine muulize daktari wa mifugo wa eneo lako, maana magonjwa hayafanani kila mahali. Kuku mgeni akae peke yake wiki 2 hadi 4, na utumie viatu tofauti ukitoka kwake.

Utitiri mwekundu hufanya kazi usiku. Mchana umejificha kwenye nyufa na kwenye maungio ya fito, usiku unatoka kunyonya damu. Saa 3 usiku ingia na tochi na kipande cha kitambaa cheupe, kipitishe chini ya fito. Kikitoka na madoadoa mekundu, unao. Toa fito, mwagia maji yanayochemka, kausha, rudia baada ya wiki. Kuku anayegoma kuingia kulala jioni mara nyingi ana sababu hii.

Mafua: kupiga chafya mara mojamoja kwenye vumbi si ugonjwa. Uso uliovimba, kamasi zenye harufu na pumzi ya kukoroma ni ugonjwa, umtenge huyo saa hiyohiyo. Usikimbilie dawa za viuavijasumu kwa kubahatisha. Kinyesi chenye damu, hasa kwa vijana wa wiki 3 mpaka 8, kifikirie koksidia, maradhi ya vimelea vya utumbo, ambayo hustawi kwenye maranda yaliyolowa, na inahitaji dawa yake na ukavu.

Ncha za upanga zikigeuka nyeupe au kijivu kwa barafu, mpeleke mahali pa vuguvugu, usisugue wala kuweka karibu na moto. Zikiwa nyeusi usizikate, zinakinga nyama iliyo hai chini yake. Kuna wanaopaka mafuta mazito kila jioni kuzuia. Mimi sijaona yakisaidia ndani ya banda lenye mvuke, na ndani ya banda kavu sijawahi kuyahitaji.

Wanyama wenye njaa huja karibu na nyumba msimu huu, panya wakitangulia. Wavu mwembamba wa matundu makubwa humzuia kuku asitoke, haumzuii kicheche asiingie. Matundu yote yafunikwe kwa wavu wa chuma wa tundu za sm 1.3, uliopigwa kwa ubao, si kwa pini za karatasi. Komeo la mlango liwe la kugeuza na kusukuma, na chakula chote kilichobaki nje kiondolewe kabla ya giza.

Kama una vifaranga

Ukweli ni kwamba si msimu wa kuatamisha. Lakini kuku hana kalenda, na utamkuta mtetea ametoka kichakani na 9 nyuma yake. Kwa mama mzuri, wape chumba kikavu kisicho na upepo, mengine anayajua. Wasio na mama wanahitaji bruda, yaani boksi lenye joto la kuwalelea: nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, ukipunguza nyuzi 3 hivi kila wiki mpaka ifike kama 21. Manyoya hukamilika karibu wiki ya 6, na kuwatoa kabla ya hapo ni kamari.

Kipimajoto kinasaidia, ila vifaranga wenyewe husema. Wamerundikana na kulia kwa sauti kali, wanasikia baridi. Wamekimbilia pembeni, mabawa wazi, wanahema, wanaungua. Wametawanyika wanakula na kulala ovyoovyo, waache. Pembe za boksi ziziviringishe kwa kadibodi, kwa sababu usiku hurundikana kwenye kona na wa chini hukosa pumzi. Taa ining'inizwe kwa mnyororo, kamwe si kwa waya wake. Asiye na umeme anaweza kutumia madumu ya maji ya moto yaliyofungwa kwa kitambaa, akibadilisha kila yanapopoa. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa ni hatari: hewa yake haina harufu, inaua vifaranga, na inaweza kumuua anayekuja kuwatazama.

Jioni, baridi ikishaingia

Baada ya kuku kupanda, mimi huingia na tochi hafifu. Nashika gole, ule mfuko wa chakula, la mmoja au wawili, chini ya shingo upande wa kulia: liwe limejaa kama mfuko wa mchanga laini. Gole tupu usiku maana yake huyo anafukuzwa kwenye chombo. Kisha napitisha vidole kidarini, kwenye ule mfupa wa katikati. Manyoya ya msimu huu hudanganya macho. Kuku anaonekana mnene kama mto wakati mfupa umechongoka kama kisu. Wa hivyo namtenga, nampima minyoo na chawa, namlisha peke yake. Nikitoka natazama juu kwenye bati kama kuna jasho.

Joto likirudi, toa maranda yote mpaka sakafuni. Yarundike nje na uyaache yaoze miezi 3 hadi 4 kabla ya kuyapeleka kwenye mboga, kwa kuwa mabichi huunguza mizizi na hubeba vijidudu. Fito zing'oe, zisugue, zianike juani siku mbili au tatu, na tundu lolote ulilolizibua katikati ya msimu kwa haraka ukalifunika kwa wavu wa muda, sasa lifanye dirisha.